Kanda ya Mikeka

Marahaba. Najua hamjanisalimia, lakini nimeitikia mapema ili tusipoteze muda, maana nyinyi vijana mna kazi kubwa: mnasubiri.

Mnasubiri simu yenye macho matatu. Mkiipata mnasubiri ile taa ya duara kama ungo. Taa ikija mnasubiri kipaza sauti cha kubana kwenye kola, halafu mnasubiri wazo, halafu mnasubiri siku ambayo uso hauna chunusi. Pili, binti wa kaka yangu, ana simu ambayo mimi enzi zangu ningeifungulia studio na kuajiri watu. Mwaka mzima anasema atatengeneza video za njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikipita hapa kwetu kwenda Ujiji na kurudi pwani. Juzi nikamuuliza amefika wapi.

"Shangazi, bado naandaa konsepti."

Wapagazi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka baharini, kwa miguu. Mwanangu yeye konsepti tu imemlemea.

Elimu ya kuwafundisha sina. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nikionekana zaidi pale stesheni ya Tura, nikiuza karanga kwenye madirisha ya treni, kuliko darasani. Lakini nimebeba kamera ya harusi mjini Tabora mpaka bega la kulia likashuka kuliko la kushoto. Fundi wangu wa nguo analijua hilo, hupima kila bega peke yake. Nimenusurika na kamera zenye uzito wa mtoto wa miaka mitatu, nimenusurika na akina mama wa harusi, nimenusurika na Bwana Khelefu. Nyinyi na simu zenu ndio mlionimaliza, siku kila shangazi alipogeuka mpiga picha. Sasa nauza asali. Nyuki angalau hawaniombi picha za mfano kabla ya kunipa kazi.

Msidhani nilipewa kamera kwa kipaji. Nilipewa kwa sababu ni mwanamke. Bwana Khelefu alikuwa na studio mtaa wa Mtendeni, mimi nikiwa mfagiaji na mshika waya wa taa. Familia za mjini, za Waarabu na za Waswahili wa zamani, zilianza kutaka harusi upande wa wanawake nao uingie kwenye kanda. Huko wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, wanacheza; mwanamume haingii na kamera wala bila kamera. Khelefu alikuwa akizikosa kazi hizo, roho ikimuuma. Siku moja akaniita.

"Kabula, unajua kushika kitoto kichanga?"

"Najua."

"Basi shika hii vilevile. Hapa kuwasha, hapa kuzima, hapa unachungulia. Una swali?"

"Naweza kujaribu kwanza?"

"Kanda si ya kuchezea. Utajaribia hukohuko."

Utajaribia hukohuko! Mkitaka kujua mwoga hutengenezwaje, mtafuteni Khelefu. Ni mtu wa kumnyima mwanafunzi kitu cha kuharibu, halafu akashangaa mwanafunzi akiharibu cha watu.

Hukohuko kwenyewe kulikuwa nyumbani kwa Bi Zuwena, mfanyabiashara wa vitambaa, mama wa mabinti watatu. Siku hiyo alikuwa anaozesha wa kwanza, Salma. Sasa mimi nimelelewa Tura na bibi yangu, Mnyamwezi wa kweli, na bibi alikuwa na sheria moja tu: mkubwa akipita, goti chini, kichwa chini, ndipo ufungue mdomo. Si jambo la kufikiri. Goti linakwenda lenyewe, kama jicho linavyofumba vumbi likija. Fikirini basi chumba cha harusi ya mjini, ambamo kila ukigeuka anaingia mtu mzima mwingine. Akaingia Bi Zuwena: shikamoo, goti, kamera nayo ikainamia mkeka kwa adabu. Akaingia dada yake: shikamoo, goti, mkeka. Wakaingia wakwe, saba kwa mpigo. Hesabu pigeni wenyewe.

Lakini hayo yote yangesameheka. Harusi upande wa wanawake ina kiini chake kimoja: bwana harusi akishaozeshwa msikitini analetwa chumbani kumpa mkono mkewe. Anaweka kiganja juu ya paji la uso la bibi harusi na kusoma dua. Hilo ndilo, mengine yote ni pilau. Nikamwona anaingia. Kitufe nimewasha, jicho liko kwenye kidirisha cha kamera. Na kwa pembeni, taratibu, na mkongojo wake, akatokea bibi yake bwana harusi.

Goti mnalijua lilikwenda wapi.

Kanda ile ilikuwa na sauti nzuri sana, nasema kweli. Vigelegele vimo, dua imo, na mimi nimo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Wa wapi wewe?" "Wa Tura." "Eeeh. Mvua zimenyesha huko?" Picha sasa, picha ni mkeka. Mkeka mzuri wa ukili wa rangi, na dole gumba la mguu wa bibi, limepakwa hina.

Mtu mwenye haya angeificha kanda hiyo. Khelefu aliiweka kwenye televisheni ya dukani mchana kweupe, wateja wamejaa, akawa anacheka mpaka anajipiga mapaja. Na Rashidi Mkanda, mpiga picha wake wa upande wa wanaume, akanipa jina. "Huyu si mpiga picha," akasema, "huyu ni wakala wa mikeka." Kufika jioni mji mzima ukawa unaniita Kabula Mikeka. Namtaja Rashidi kwa jina kwa sababu mwenyewe hakuona tabu kunibandika langu.

Habari zikamfikia Bi Zuwena. Kanda ya upande wa wanawake haitazamwi na mwanamume, hata ikiwa na mkeka mtupu. Akaja dukani, hakupaza sauti.

"Khelefu, mguu wa mama yetu umeutazama vizuri? Umeridhika?"

Khelefu akaanza kutafuta kitu chini ya kaunta ambacho hakijapotea.

"Ifute. Mbele yangu."

Enzi zile kufuta ni kurekodi kitu kingine juu yake, muda uleule. Kwa hiyo nikaelekeza kamera ukutani, na Bi Zuwena akavuta stuli akakaa saa mbili nzima, hakunywa hata maji, mpaka bibi na dole lake walipofunikwa na ukuta wa Khelefu. Alipoinuka akanigeukia mimi.

"Na wewe. Mwanangu ataolewa mara ngapi mpaka wewe ujue kazi?"

Nikaichomoa kanda, nikaisukuma chini ya kaunta.

Baada ya hapo kidole kilikufa. Hakikuwa kimevunjika wala kuungua, kilikufa tu. Nilipelekwa sherehe ndogo ya kina mama, kamera begani, na kila nikitaka kubonyeza najiambia: ngoja mwanga ukae sawa. Ngoja yule mama asogee. Ngoja wimbo huu uishe, ujao utakuwa mzuri zaidi. Sherehe ikaisha nikiwa nangoja. Mnanielewa vizuri sana, msijifanye mnatazama pembeni. Nyinyi mnaita konsepti, mimi niliita mwanga. Ni hofu ileile imevaa nguo ya heshima.

Khelefu akaniita tena.

"Mdogo wake Salma, yule Nuru, anaolewa mfungo mosi, mwezi wa Idi. Mjini hapa mwanamke mwenye kamera ni wewe tu, kwa bahati mbaya yake. Bi Zuwena amekubali kwa shingo upande. Ukileta mkeka tena, unapanda treni unarudi kwenye karanga zako."

Karanga si aibu. Lakini Tura kulikuwa na mjomba wangu, na mjomba alikwishanitafutia mume: mtu mwenye tumbaku nyingi, wake wawili, na kikohozi. Alikuwa ananingojea nishindwe mjini. Kwa hiyo harusi ya Nuru haikuwa harusi ya Nuru peke yake. Nikiikosa, na mimi naolewa.

Aliyeniokoa hakuwa mtu wa kamera. Alikuwa Bi Mwanaidi, mpakaji hina wa Mtendeni, ambaye kila harusi tulikutana yeye ameinamia miguu ya bibi harusi na mimi nimeinamia aibu yangu. Siku moja akanikuta nyuma ya studio nalia.

"Unalilia nini, Mikeka?"

"Bi Mwanaidi, na wewe?"

"Jina zuri, watu hukalia. Nini?"

Nikamweleza kidole. Akacheka, akaketi.

"Unadhani mkono huu nilijifunzia kwa bibi harusi?"

"Kwa nani basi?"

"Kwa mume wangu. Akishakula mchana analala kifudifudi, na alikuwa na visigino vipana, Mungu amrehemu, kama ukurasa wa daftari. Nachora, nafuta na kitambaa kibichi kabla haijashika. Nachora tena. Alhamisi moja na mimi usingizi ukanipitia. Kesho yake Ijumaa, akavua viatu msikitini, safu ya nyuma yake yote wakasujudu wakitazama maua."

"Akafanyaje?"

"Alininunia siku tatu. Ya nne akaniuliza kwa nini jani la kushoto limepinda. Kumbe ameyakagua, mshenzi." Akajifuta macho. "Tafuta kisigino chako, Kabula. Kitu ambacho kikiharibika hakuna anayelia. Kwa bibi harusi hakuna mtu anayejifunzia, isipokuwa aliyetumwa na mjinga."

Nikaenda kutafuta kisigino. Na nyinyi sikilizeni hapa, kwa kuwa betri zenu hazina tabia hizi tena. Betri za kamera za zamani zilikuwa na kiburi: usipozimaliza kabisa kabla ya kuzichaji, zinajizoesha uvivu, baada ya muda zinakufa katikati ya kazi. Kwa hiyo kila adhuhuri, Khelefu akienda kula kwake, kazi yangu ilikuwa kuwasha kamera, kuiweka mezani, na kuiacha ijifie. Kila siku, kamera nzima, inapumua, haina kazi. Na chini ya kaunta ilikuwepo ile kanda yangu, imefutwa, haiuziki kama mpya, hakuna anayeitaka.

Nimepita pale miezi nikipangusa vumbi, nikisema laiti ningekuwa na kamera.

Siku ya kwanza nilipiga picha ndoo. Nilichagua ndoo kwa sababu ndoo haina shikamoo. Kidole kikagoma, nikakiambia: ni ndoo tu, ewe mjinga, na kesho hakuna atakayejua. Kikabonyea. Nikapiga ndoo dakika tano, nikaitazama mara moja. Ilikuwa mbaya ajabu, imekaa kama iko melini. Nikarudisha kanda mwanzo, na kesho yake nikapiga birika juu ya ndoo. Kesho kutwa paka juu ya birika, paka akaondoka, nikabaki na picha ya mahali alipokuwepo paka. Fundi baiskeli wa jirani. Muuza asali akikamua masega. Wanawake wakipepeta mchele. Dakika tano, kitu kimoja, tazama, funika. Sikumwonyesha mtu, kwa sababu hakukuwa na cha kuonyesha; kila kizuri kililiwa na kilichofuata, na kila kibaya pia. Mnaona raha yake? Nyinyi video yenu ya kwanza mnataka iende kwa watu elfu. Yangu ilikwenda kwa ndoo.

Bila kukusudia nikaanza kujifunza. Viwiko ukivibana mbavuni na kutoa pumzi polepole, mkono unatulia. Kitu kinachotembea usikifukuze. Tangulia mbele, kiache kiingie chenyewe. Ukishapata picha, hesabu mpaka kumi kabla hujahama, hata kama roho inakuwasha. Rashidi Mkanda hakuwahi kulijua hili. Yeye alikuwa akivuta picha karibu na kuirudisha mbali, karibu na mbali, kama anayejaza upepo baiskeli. Harusi zake zilikuwa zinatazamwa na watu wameshika viti.

Goti nalo likatafutiwa dawa. Bi Mwanaidi alikuwa akija adhuhuri, anapita mbele yangu makusudi, amejitanda kanga kama bibi kizee, anakohoa.

"Nisalimie, huna adabu?"

"Shikamoo!"

"Picha imehama! Birika liko wapi? Naiona dari kwenye televisheni! Tena."

Siri ni kushuka kwa magoti, mgongo usipinde, na kuamkia kwa mdomo jicho likibaki kwenye kidirisha. Tulifanya hivyo mpaka wapita njia wakadhani Bi Mwanaidi ananitoa pepo. Goti likatii. Ningeweza kumwamkia sultani kwa magoti na birika lisitikisike.

Mfungo mosi ukafika. Nikaenda kwa Bi Zuwena na goti langu lililosomeshwa. Yule bibi wa mkongojo hakuwepo. Bila shaka hakuwepo: alikuwa bibi wa bwana harusi wa kwanza, huyu wa pili alikuwa na bibi yake mwenyewe, na huyo anaumwa yuko kwao Kigoma. Miezi minne nimejifunza kumsalimia mtu ambaye hakualikwa.

Kilichonijia ni kingine. Msikitini mwozeshaji alikuwa na safari, akafupisha. Bwana harusi akafika kabla ya wakati. Wanawake wako katikati ya ngoma, vichwa wazi, mara kwenye korido mtu akapiga kelele, "Wanaume! Wanaume wanaingia!" Mmeona kuku wakiona kipanga? Mabuibui yakavaliwa nyuma mbele, sinia la halua likakanyagwa, mtu akajikwaa kwenye waya wa taa yangu, taa ikaanguka ikazimika. Bi Zuwena mwenyewe alikuwa uani anagawa vyakula. Chumbani kwenye kona yupo Nuru, shela usoni, na somo wake wa kumfunda ubavuni. Na mimi niko upande mbaya kabisa, nyuma ya mlango.

Mwanga haukukaa sawa. Hakuna aliyesogea. Sikuwa na chochote kati ya vile nilivyokuwa nikivingoja.

Kidole kiliwasha kabla sijakiuliza.

Nikamfuata bwana harusi nikiwa nyuma yake, nikamkata kichwa, nikampata kichwa nikamkata bega. Giza. Nikamwambia somo, kwa sauti, mbele ya watu, "Dada, fungua dirisha hilo!" Akafungua. Nikapita ubavuni, nikabana viwiko, nikatoa pumzi. Shela likainuliwa, kiganja kikashuka juu ya paji la uso, dua ikaanza, na mimi nikahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi, mpaka ishirini, mpaka akasema amina.

Picha yenyewe, niwaambie bila kuremba, ilikuwa mbovu. Imepinda, ina chenga za giza, mwanzoni kuna mgongo wa mtu. Khelefu hakuruhusiwa kuiona, alizuiwa na Bi Zuwena kwa maneno machache ambayo sitayarudia. Kanda nilitakiwa kuipeleka mwenyewe, mkono kwa mkono.

Nikaikuta familia ya wanawake imekaa sebuleni. Bi Zuwena hakuniangalia. Nikaweka kanda, nikabaki nimesimama karibu na mlango, treni ya Tura nikiisikia masikioni. Ngoma ikapita. Kelele zikapita, watu wakacheka kujiona wanavyokimbia. Ukaja mgongo, likaja bega, dirisha likafunguka. Kiganja.

"Rudisha," akasema Bi Zuwena.

Nikarudisha.

"Hapo. Simamisha. Sogea, wewe, unanikinga." Akainuka kwenye kochi akaja karibu na kioo cha televisheni. "Huyu anafanya nini?"

Chini ya kiganja cha mumewe, Nuru alikuwa ameuma mdomo. Mashavu yamemjaa. Anasomewa dua, na anapigana na kicheko.

"Mtoto huyu," Bi Zuwena akasema. "Tangu mdogo ndivyo. Ukimkanya anacheka. Nilikuwa uani nagawa sambusa, sikumwona." Akavuta upande wa kanga akafuta uso. "Rudisha tena."

Nikarudisha mara nne. Ya tano aliniambia nikae, na bado hakunitazama.

"Mkono wa Salma hatuupati tena."

"Hatuupati, mama."

"Hilo sitalisahau."

"Najua."

"Basi." Akasukuma kikombe cha kahawa upande wangu. "Wa tatu ataolewa wakati wake. Uje wewe. Khelefu asisogee hata kwenye mtaa huu."

Nikanywa, nikaaga, nikatoka. Hatua tatu nje ya mlango ikabidi nikae kizingitini kwa watu kama mgonjwa, wapita njia wakinipa pole. Ilikuwa hofu ileile ya siku zote, wala haikupungua hata punje. Ila safari hii ilikuwa imechelewa: ilinikuta kazi nimeshaimaliza.